Muda wa Picha: Sanaa Mseto na Upigaji Picha katika Nyumba za Meru na Embu

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi katika Afrika Mashariki umezoea kuanza na kitabu, na pale unapotoka nje ya kitabu huelekea kwenye ngano, nyimbo na methali. Baina ya mikondo hiyo miwili, fasihi andishi na fasihi simulizi, limebaki eneo kubwa ambalo halijapata wahakiki wa kutosha. Hili ni eneo la kazi ambazo ndani yake neno limeshikamana na kitu kinachoonekana na kushikika: kiondo kilichofumwa kwa katani na nyuzi za sweta kuukuu, picha iliyoandikwa salamu nyuma yake, fremu moja yenye nyuso ishirini, kalenda ambayo mwaka wake umekwisha lakini haijaondolewa ukutani, na ratiba ya mazishi yenye picha, wasifu na nyimbo. Kazi hizi zinaweza kuitwa sanaa mseto kwa sababu hazitegemei nyenzo moja. Huunganisha uzi, karatasi, kitambaa, picha na maandishi, na maana yake hutokana na muungano huo.

Makala haya yanazichunguza kazi za aina hiyo jinsi zinavyopatikana katika nyumba za Meru na Embu, upande wa mashariki wa Mlima Kenya, eneo ambalo leo linajumuisha kaunti za Meru, Tharaka-Nithi na Embu. Swali linaloongoza uchunguzi huu ni swali la muda. Mama anayechuma majani chai asubuhi, akachota maji adhuhuri na kukamua ng'ombe jioni, hupata wapi nafasi ya kutengeneza au kutazama kitu kizuri? Inadaiwa hapa kwamba sanaa mseto ya nyumbani haikusubiri nafasi hiyo ipatikane. Imeundwa ndani ya kazi, pembezoni mwa kazi na wakati mwingine dhidi ya kazi. Kwa hivyo kuisoma vyema ni kusoma mgogoro juu ya nani anamiliki muda wa nani.

Picha za wageni: watu waliowekwa nje ya wakati

Kabla ya kuingia nyumbani, yafaa kuangalia jinsi eneo hili lilivyoanza kuonekana kwenye kurasa za vitabu. Mwaka wa 1925, G. St. J. Orde Browne, aliyekuwa afisa wa utawala wa kikoloni, alichapisha kitabu kuhusu Waembu, Wambeere, Wachuka, Watharaka na majirani zao. Kitabu kina picha, na kinaitwa The Vanishing Tribes of Kenya, yaani makabila yanayotoweka. Mwaka wa 1959, Bernardo Bernardi, padri wa shirika la Consolata na mwanaanthropolojia, alichapisha utafiti wake kuhusu Mugwe, kiongozi wa kidini wa Wameru, akauita The Mugwe: A Failing Prophet. Vitabu hivi ni tofauti sana kwa mtazamo na kwa uzito wa kitaaluma, lakini vichwa vyake vinakubaliana juu ya jambo moja: watu hawa wako njiani kuondoka. Mmoja ameona wanaotoweka, mwingine nabii anayeshindwa.

Mwelekeo huo unaonekana pia katika kazi ya Joy Adamson. Kuanzia mwaka wa 1949, kwa kuagizwa na serikali ya kikoloni, alichora mamia ya watu wa jamii mbalimbali za Kenya wakiwa katika mavazi na mapambo yao. Lengo lilikuwa kuhifadhi kumbukumbu ya mambo yaliyodhaniwa kuwa yangepotea, na baadhi ya michoro hiyo ilitolewa katika The Peoples of Kenya (1967). Hata hivyo, sifa yake kubwa ulimwenguni haikutokana na nyuso hizo. Ilitokana na Born Free (1960), kitabu kuhusu Elsa, simba jike aliyerudishwa porini katika sehemu ambayo sasa ni Mbuga ya Taifa ya Meru, na aliyezikwa huko mwaka wa 1961. Picha za Elsa zimejaa maisha ya kila siku: amelala, anacheza, yuko kitandani, yuko juu ya gari. Michoro ya watu, kinyume chake, ina kilemba, mkufu, ngao na mkao uliotulia. Mhakiki hana budi kuiona kejeli iliyomo. Mnyama alipewa siku zake zote, saa kwa saa, na binadamu akapewa vazi la sherehe tu.

Haya hayasemwi ili kukana thamani ya kumbukumbu hizo, ambazo leo zinawasaidia hata wajukuu wa waliochorwa. Yanasemwa ili kubainisha kanuni yake ya kisanaa. Katika kanuni hiyo anayetazama ana wakati mrefu mbele yake, na anayetazamwa anahesabiwa kuwa wakati wake umekwisha. Sanaa ya nyumbani imejengwa juu ya kanuni iliyo kinyume cha hiyo.

Kiondo: muda wa kuibia

Kiondo ni mali ya jamii kadhaa za eneo la kati na mashariki ya Kenya. Wakamba, Wakikuyu, Waembu, Wambeere na Wameru wote wanakijua na kukitumia. Kwa jicho la mwanafasihi, jambo la kwanza la kuzingatia ni wakati wa kufumwa kwake. Katani husokotwa pajani wakati wa mazungumzo, na ufumaji huendelea njiani kwenda sokoni, mkutanoni, nje ya zahanati au katika kikao cha kikundi cha akina mama. Kazi hii haina chumba chake wala saa yake. Mkono hufuma huku mdomo ukizungumza na miguu ikitembea.

Jambo la pili ni mseto wa nyenzo. Nyuzi za magome ya miti zilitangulia, zikafuatwa na katani, kisha ikaongezwa sufu inayofumuliwa kutoka kwenye sweta za mitumba au zilizochakaa, na baadaye nyuzi za plastiki. Ukitazama mistari ya rangi katika kiondo cha aina hii unaweza kukisia historia ya nyumba: huu mwekundu ulikuwa sweta ya shule, ule wa kijani ulikuwa wa mzee. Mfumaji hanunui rangi dukani. Huhariri nguo za jamaa zake na kuzifanya mistari. Kwa maana hiyo kiondo kina kitu kinachokaribiana na muundo wa masimulizi, kwa kuwa mpangilio wake ni wa vipande vya maisha vilivyoondolewa mahali pake pa kwanza na kuwekwa karibu na vingine.

Ni rahisi hapa mhakiki kuingiwa na furaha na kutangaza kwamba mwanamke wa mashambani amelitatua tatizo ambalo msanii wa mjini hulilalamikia. Furaha hiyo haina budi kuzuiwa. Kufuma huku unatembea ni ushahidi wa ustadi, lakini pia ni ushahidi kwamba hakuna aliyempa mfumaji saa ya kukaa. Muda wenyewe umeibwa kutoka kwenye safari. Katika miaka ya 1980, kiondo kilipopata soko kubwa Ulaya, Marekani na Japani, hata muda huo wa kuibia uliingia katika hesabu ya malipo. Rangi ziliamuliwa na mnunuzi, vipimo vikaagizwa, na mstari wa sweta ya mtoto ukakosa nafasi. Kiondo cha kuuza na kiondo cha kumpa mkaza mwana vyaweza kufanana machoni, lakini si kazi moja. Katika cha kwanza muda wa mfumaji umenunuliwa kwa bei ndogo, na katika cha pili ameutoa mwenyewe. Uhakiki usiotofautisha haya mawili unakisifu kikapu na kumsahau aliyekifuma.

Kusimama tuli mbele ya kamera

Kamera ilileta dai jipya kabisa, kwani ilimtaka mtu asimame. Kwa watu ambao thamani ya siku yao ilipimwa kwa mwendo na kazi, dai hilo halikuwa dogo. Tena halikuja kwanza kwa sura ya starehe. Mwanzoni mwa mwaka wa 1953, miezi michache baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952, serikali ya kikoloni iliwataka wafanyakazi wa Kikuyu katika mashamba ya walowezi wapigwe picha za vitambulisho. Wengi walikataa, na kukataa huko kulichangia kuhama na kufukuzwa kwa maelfu ya watu. Waembu na Wameru nao waliwekwa pamoja na Wakikuyu katika kanuni za hali ya hatari, na maisha yao yakabanwa na vibali na vitabu vya kusafiria. Kwa kizazi kizima, basi, kutolewa sura na kuwekwa kwenye karatasi kulikuwa jambo la askari na karani.

Historia ya kitambulisho inaonyesha jambo jingine. Usajili wa kikoloni, tangu kipande, uliwalenga wanaume kwa sababu nguvu zao za kazi ndizo zilizokuwa zikifuatiliwa. Ni baada ya sheria kurekebishwa mwaka wa 1978 ndipo wanawake wa Kenya walipojumuishwa katika usajili wa kawaida wa watu wazima. Mwanamke wa kijijini aliyekuwa mtu mzima kabla ya hapo, kama alikuwa na picha yake, yaelekea aliipata kwa hiari: kwa mpiga picha wa mjini au kwa yule mwenye kamera begani aliyepita vijijini Jumapili, siku za arusi na siku za mavuno.

Kahawa ilikuwa na sehemu yake katika jambo hili. Meru na Embu ni miongoni mwa maeneo ya kwanza ambamo Waafrika wa Kenya waliruhusiwa kulima kahawa, katika miaka ya 1930, na baada ya uhuru zao hilo lilieneza fedha taslimu hata katika nyumba za wakulima wadogo. Malipo ya chama cha ushirika yalipotoka kulikuwa na karo, mabati na deni la duka, na wakati mwingine kilibaki cha picha moja. Picha hiyo ililipiwa mara mbili. Mara ya kwanza ni kwa shilingi. Mara ya pili ni kwa siku: kuoga, kuvaa, kutembea hadi mjini, kungoja zamu, kisha kungoja majuma mawili au matatu hadi filamu iishe na picha zisafishwe. Mpiga picha hakuharakisha filamu yenye nafasi 36 kwa ajili ya mteja mmoja.

Tukiisoma picha kama hiyo leo, tunaona kwanza kitu kisichomo. Kiondo aghalabu hakimo. Jembe halimo, wala mtungi. Mikono ambayo haikujua kutulia imewekwa juu ya magoti au imeshika mkoba wa dukani, maua ya plastiki, pengine redio. Wako wahakiki wanaoziona picha za studio kuwa uongo mtamu, uigaji wa maisha ya mjini. Rai hiyo haitoshi. Mikono iliyotulia ndiyo kiini cha picha hizo. Mwanamke huyo hadai kwamba ana redio. Anachodai ni kwamba kulikuwa na saa moja ambayo hakuna aliyemtuma. Susan Sontag, katika On Photography (1977), aliionya jamii iliyozama katika picha juu ya tamaa ya kumiliki ulimwengu kwa kamera. Onyo lake lina uzito pale picha zilipo nyingi. Pale ambapo mtu alikuwa na picha tatu maishani, kilichomilikiwa kilikuwa ile saa yenyewe, na ulimwengu ulibaki kwa wenyewe.

Nyuma ya picha

Mwanafasihi hana budi kuigeuza picha. Upande wa nyuma ndio ukurasa wake, na ukurasa huo una utanzu wenye kanuni zake. Kwanza huja tarehe na mahali, kisha jina la anayepewa, kisha neno la ukumbusho, na mwisho sahihi. Nafasi ni ndogo kama ya ubeti, na ufinyu huo hulazimisha uteuzi. Lugha nazo hugawana kazi. Kimeru au Kiembu hutumika kwa mama na nyanya, Kiswahili kwa rafiki aliyepatikana kazini Nairobi au Mombasa, na Kiingereza kwa mchumba aliyesoma, au kwa mwandishi anayetaka ajulikane kwamba naye amesoma. Mara nyingine lugha mbili hukutana katika mistari minne, na mshono wake unaonekana wazi kama pale sufu inapofungwa kwenye katani.

Maandishi hayo ni barua fupi ambayo mtumaji wake anaonekana. Yanastahili kusomwa pamoja na tenzi za barua na nyaraka za pwani, si kwa sababu yana ufundi sawa, bali kwa sababu yanafanya kazi ileile ya kumfikisha mtu pale ambapo mwili wake haukuweza kufika. Mwanamume aliyefanya kazi mbali alituma uso wake nyumbani na kueleza nyuma yake kwa nini hakuja Krismasi. Hapa picha na neno hubebana. Uso bila maneno ungekuwa majivuno, na maneno bila uso yangekuwa udhuru mtupu.

Swali la maadili hujitokeza mhakiki anapozishika karatasi hizi. Roland Barthes, katika La Chambre claire (1980), anaijadili kwa kirefu picha ya mamake akiwa mtoto, lakini haichapishi, kwa kuwa aliamini kwamba kwa wengine ingekuwa picha ya kawaida tu. Mfano huo unafaa kufuatwa. Utanzu unaweza kuelezwa na kanuni zake kuchambuliwa bila siri ya nyumba ya mtu kuanikwa.

Ukuta na albamu

Ni ukutani ambapo sanaa mseto hufikia ukamilifu wake. Katika nyumba nyingi za mbao za miteremko ya Mlima Kenya, ukuta wa ndani ulipambwa kwa magazeti na kurasa za majarida. Sababu ya kwanza ilikuwa baridi, maana karatasi huzuia upepo unaopita kwenye nyufa. Lakini hakuna anayebandika bila kuchagua. Ukurasa wenye picha huwekwa usawa wa macho, na ule wa matangazo ya minada huenda chini nyuma ya kiti. Juu ya tabaka hilo huja kalenda ya chama cha ushirika au ya duka, kitambaa kilichotariziwa maneno ya kumkaribisha mgeni, picha ya Yesu, na fremu kubwa ya kioo iliyojaa picha ndogondogo, nyingine zikifunika pembe za wenzake.

Mpangilio huo una sarufi. Wazee huwekwa juu. Arusi huwa katikati. Mwana aliyehitimu na joho lake hupewa fremu yake peke yake, na hapo ukuta hukiri kwamba elimu imebadilisha ukoo. Kalenda ya zamani hubakia kwa sababu ya picha yake, ingawa tarehe zake hazina kazi tena. Pengine hakuna mfano bora zaidi wa jinsi nyumba hizi zinavyoushughulikia wakati: chombo cha kuhesabu siku kimenyang'anywa kazi yake na kufanywa kitu cha kutazamwa.

Ulinganisho na pwani unasaidia kuufahamu upekee wa ukuta huu. Huko Lamu, Omar Said Bakor, aliyefariki mwaka wa 1993, alijulikana kwa picha alizoziunganisha kwa mkono katika studio yake. Alikata, akabandika na kuchapa upya, hata uso wa mtu ukatokea ndani ya kitu ambacho hauwezi kuwamo. Kwa Bakor mseto ulifanywa na fundi mmoja kabla picha haijamfikia mwenyewe. Katika nyumba za Meru na Embu mpiga picha hutoa picha ya kawaida, na mseto hufanywa baadaye, na watu wengi, kwa miaka mingi. Hakuna sahihi ya msanii, wala hakuna siku kazi ilipokamilika. Mkasi nao umo. Katika albamu hupatikana picha ambayo nusu yake imekatwa, na mkono wa mtu asiyekuwapo ukabaki begani mwa aliyekuwapo. Huo ni uhariri mkali kuliko wa mchapishaji yeyote, na kila mwanafamilia anajua kusoma pengo lake.

Albamu yenyewe hufanya kazi kama matini ya fasihi simulizi. Mgeni akikaribishwa hupewa albamu aitazame huku chai ikichemshwa. Hapo mtoto wa nyumba au mama mwenyewe huwa mtambaji: huyu ni nani, alikuwa wapi, mwaka huo mvua ilikatika, huyu hatunaye tena. Msimulizi akibadilika hadithi hubadilika, ingawa picha ni zilezile. Albamu bila msimulizi ni kama nyimbo zilizoandikwa bila mahadhi, na muda wa kuitazama hupatikana palepale ulipo muda wa kazi, kati ya maji kuwekwa jikoni na chai kuletwa.

Ukurasa wa Kithaka wa Mberia

Je, fasihi andishi ya Kiswahili imelijibu jambo hili? Jibu moja limetoka eneo hilihili. Kithaka wa Mberia, aliyezaliwa Tharaka mwaka wa 1955 na kufundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi, ni miongoni mwa washairi wa Kiswahili waliokwenda mbali zaidi katika kuufanya ukurasa utazamwe. Katika diwani zake kama Mchezo wa Karata (1997), Bara Jingine (2001) na Redio na Mwezi (2005), mishororo huvunjwa, maneno husambazwa, na herufi hushuka au kupangwa kwa namna ambayo jicho hupokea maana kabla ya sikio.

Mjadala wa mapokeo na usasa ulimpima kila mshairi wa aina hii kwa mizani ya vina na mizani. Waliompinga walisema ameiacha bahari, na waliomtetea walisema ameleta uhuru. Pande zote mbili zilizungumza kana kwamba ukurasa hauonekani. Hoja ya makala haya ni kwamba upangaji huo usomwe pia kama dai juu ya muda wa msomaji. Ubeti wenye vina hukimbia, kwa kuwa sikio linajua utakapofika. Neno lililovunjwa vipandevipande na kushushwa ngazi humlazimisha msomaji asimame, kama vile kamera ilivyomsimamisha mkulima. Si haki kudai kwamba mshairi alijifunza hayo kutoka kwenye kiondo au ukuta wa nyumba, kwa sababu ushairi wa kuonekana una historia yake pana duniani. Inatosha kusema kwamba msomaji aliyekulia mbele ya ukuta wa picha na maneno hakukutana na jambo geni kabisa alipofungua diwani hizo. Jicho lake lilikuwa limefunzwa mapema kusoma vitu vilivyowekwa karibu bila kuunganishwa kwa sentensi.

Upungufu nao usemwe. Mbinu ya kuonekana huchoka upesi inaporudiwa. Neno la kuanguka likiangushwa kila mara, jicho hukisia kabla halijaona. Ukuta wa nyumba hauna tatizo hilo, kwa sababu kila kipande kimeingia kwa sababu yake na kwa siku yake.

Simu, bango na ratiba ya mazishi

Tangu simu zenye kamera zilipoenea katika miaka ya 2000 na kuendelea, uhaba wa picha umekwisha. Mkulima wa Runyenjes au Maua anaweza kupiga picha nyingi kwa asubuhi moja kuliko alizopigwa babu yake maishani. Muda wa kungoja umeondoka, na pamoja nao umeondoka ule wa kuchagua. Picha hukaa ndani ya simu, simu huanguka majini au huibwa, na miaka mitano ya familia huenda nayo. Ukuta mpya wa mawe umepakwa rangi safi na kuachwa mtupu.

Mahali pamoja ambapo mseto umestawi ni mazishini. Ratiba ya mazishi, iliyokuwa karatasi moja ya chapa, siku hizi ni kijitabu cha rangi chenye wasifu wa marehemu, risala za jamaa, nyimbo, na picha zilizopangwa tangu ujana hadi uzee. Bango kubwa lenye uso wake hutundikwa hemani. Kama matini, kijitabu hiki ni tajiri: wasifu hufuata mpangilio maalumu wa kuzaliwa, elimu, ndoa, kazi, imani na ugonjwa, na picha huupinga au kuukamilisha. Wasifu husema marehemu alikuwa mpole, na picha ya mwaka fulani ikamwonyesha akicheza ngoma kwa nguvu zake zote.

Hata hivyo, haraka imekuwa mhariri wa kazi hizi. Vielelezo vya kompyuta vyenye mawingu, njiwa na mishumaa huwafanya marehemu wote wafanane. Lililo zito zaidi ni kwamba, kwa nyumba nyingi, usiku ule wa kutafuta picha za kijitabu ndio mara ya kwanza kwa miaka mingi familia kukaa pamoja na kuzitazama. Hapo ndipo hugunduliwa kwamba mama alipiga picha za watu wote na hakuna aliyempiga yeye, au kwamba ile pekee iliyopo ni ya kitambulisho, aliyopigwa akitazama mbele kwa amri ya karani. Hukuzwa hadi chembe zake zionekane, na huyo ndiye hubaki kuwa mama kwa wajukuu.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba kiondo, picha, ukuta, albamu na kijitabu cha mazishi katika Meru na Embu ni matini zenye kanuni, historia na mgogoro, na kwamba mgogoro huo ni wa muda. Wageni waliwapiga watu wa eneo hili picha kama waliokwisha kupitwa na wakati. Watu wenyewe walitumia nyenzo zilezile kujipatia saa ambazo kazi haikuwaachia. Uhakiki una wajibu mara mbili: kuutambua ustadi, na kutouficha ujira duni na uchovu uliouzaa.

Kuna wajibu wa tatu ambao ni wa vitendo. Jumba la Makumbusho la Meru, lililofunguliwa mwaka wa 1974 katika jengo lililokuwa ofisi ya utawala wa kikoloni, limehifadhi vyombo vya mababu, lakini si rahisi kwa makumbusho yoyote kuhifadhi ukuta wa nyumba ya mbao au sauti ya mama anayesimulia albamu. Idara za fasihi zina wanafunzi ambao hurudi vijijini kila likizo. Wanaweza kupewa kazi ya kukaa na albamu moja na msimulizi mmoja, kwa idhini yake, na kuyaandika anayoyasema kama wanavyoandika ngano. Wakianza, waanze na yule ambaye picha zake ni chache, wampige yake akiwa ameketi, kisha waigeuze na kumwachia yeye achague la kuandika nyuma.